Majina ya Shule ya Tabora: Niliyojifunza Nikifundisha Historia Pale

Mwalimu wa historia anayepangiwa kazi katika Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora hukuta somo lake limemtangulia. Wanafunzi wanalijua jina la Mwalimu Julius Nyerere kabla hawajakanyaga shuleni, wazazi wao wanalitaja wanapowaaga, na hata kijana wa bodaboda anayekubeba kutoka kituo cha treni atakueleza, bila kuulizwa, kwamba huko unakokwenda ndiko alikosoma Baba wa Taifa. Nilifundisha kidato cha tano na cha sita pale kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ualimu. Jambo kubwa nililolipata katika kazi hiyo ni kwamba majina ya watu mashuhuri waliopita katika shule yanaweza kuifunua historia ya shule hiyo, na yanaweza pia kuifunika kabisa, kutegemea swali tunaloyauliza.

Swali lililozoeleka ni hili: nani alisoma hapa? Jibu lake ni orodha, na orodha ya Tabora ni ya heshima. Baada ya miaka michache ya kuisikia ikisomwa kwenye mahafali na kuwaona vijana wakiipigia makofi, niliona kwamba hawatoki nayo na chochote cha kuwasaidia kuielewa nchi yao. Ndipo nikaanza kufundisha kwa swali jingine, ambalo ni gumu zaidi: shule hii ilijengwa kwa ajili ya nani, na ilikuwaje ikatoa watu ambao waanzilishi wake hawakuwatarajia?

Ili kulijibu, ilinibidi kila mwaka nianze na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliitwaa Tabora kutoka kwa Wajerumani, na vita vilipokwisha Uingereza ikakabidhiwa Tanganyika. Serikali hiyo mpya ilikuwa na maofisa wachache katika nchi kubwa, na njia iliyoichagua ilikuwa kutawala kupitia machifu. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, ndiye aliyeuimarisha mfumo huo, na sheria ya mwaka 1926 ikazipa mamlaka za kienyeji kazi za kukusanya kodi, kuendesha mahakama ndogo na kutoa amri. Chifu wa namna hiyo alihitajika ajue kusoma barua ya Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa kikoloni, kuandika taarifa na kutunza hesabu za hazina yake. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa katika miaka hiyo ya 1920, ilikuwa jibu la hitaji hilo: watoto wa machifu wakusanywe mahali pamoja, wafundishwe Kiingereza, wakae bwenini chini ya viranja, wacheze michezo na kufuata kengele kama wavulana wa shule za bweni za Uingereza, kisha warudi kwao wakatawale kwa niaba ya serikali.

Wanafunzi wangu walipenda kuuliza kwa nini Tabora, na si Dar es Salaam. Mimi huwajibu kwa kuwaonyesha ramani ya reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza lililokamilika mwaka 1928. Mji ambao zamani ulikuwa makutano ya misafara ya pembe na watumwa ukawa makutano ya treni, na mtoto kutoka pwani, kutoka Ziwa Tanganyika au kutoka Ziwa Victoria angeweza kuufikia. Naamini sehemu kubwa ya historia ya shule hii imefichwa hapo. Waliokuwa wakitafuta mahali pa kuwakusanyia watoto wa watawala wa makabila mbalimbali walichagua mahali ambapo makabila yalikuwa yakikutana tangu zamani, na ambapo Kiswahili kilikuwa kimetia mizizi muda mrefu kabla ya serikali yoyote ya kikoloni.

Siku moja nilipokuwa nikieleza habari za watoto wa machifu, kijana mmoja wa kidato cha tano, mtoto wa mvuvi kutoka wilaya ya Kilwa, alisimama akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mimi nisingepokelewa hapa?" Nilimjibu kwamba wakati ule, kwa uwezekano mkubwa, asingepokelewa. Darasa lilinyamaza. Kisha wakaanza kuulizana wao kwa wao nani kati yao angeingia, na ikaonekana kwamba karibu wote wangebaki nje ya lango. Sijapata kuwa na kipindi kilichowafanya vijana wasikilize historia ya utawala wa kikoloni kwa makini kama kile. Tangu hapo sikufundisha tena habari za waliohitimu kabla ya kufundisha habari za waliozuiliwa kuingia.

Ukianzia hapo, hata maisha ya Nyerere yanasomeka upya. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na alianza shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, mwaka 1934, katika Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 alifaulu kuingia Tabora na akabaki hapo hadi mwaka 1942. Alikuwa mtoto wa chifu, ndiyo, lakini chifu wa kabila dogo, na alijikuta bwenini pamoja na watoto wa nyumba zenye watu wengi na mali nyingi. Wanaosimulia maisha yake ya shule wanaeleza kwamba alishiriki katika mdahalo, alijiunga na skauti, na alipinga upendeleo wa viranja wa kupewa chakula kingi kuliko wenzao. Kisha naye akateuliwa kuwa kiranja. Habari hii ya chakula ndiyo niliyokaa nayo zaidi darasani, kwa sababu vijana wa bweni wanaielewa mara moja. Anayejua foleni ya bwalo na ukubwa wa sahani ya ugali na maharage hahitaji kuelezwa maana ya upendeleo. Shule ilikuwa imekusudia kuwazoeza wavulana hao kwamba mtawala hula zaidi, na hapo hapo, katika mpango huo huo, mmoja wao akaanza kuuliza kwa nini.

Ninapenda pia wanafunzi wakumbuke alichofanya baadaye. Kutoka Tabora alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, kwa sababu Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hadi kilipofunguliwa kile cha Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961. Alipomaliza Makerere mwaka 1945 alirudi mji ule ule wa Tabora, lakini hakurudi katika shule ya serikali iliyomsomesha, bali alifundisha St. Mary's, shule ya wamisionari wa Kikatoliki, huku akifanya kazi katika tawi la Chama cha Waafrika cha Tanganyika. Alikaa huko hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Kwa hiyo Tabora haikuwa kwake mji wa ujana tu. Hapo ndipo alipojifunza kufundisha, na hapo ndipo alipoanza kushughulika na siasa za mji wenye wafanyakazi wa reli, makarani, wafanyabiashara na wakulima.

Mwingine ambaye vijana wanapaswa kumjua ni Rashidi Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 upande wa Songea, mtoto wa mwindaji wa tembo. Baba yake hakuwa chifu, na hilo peke yake linatuonyesha kwamba lango lilikuwa limeanza kufunguka. Serikali ilihitaji makarani, mabwana shamba, mabwana afya na walimu wengi kuliko watoto wa machifu waliokuwapo, na shule iliyokusudiwa kuwa ya ukoo ikalazimika kuwa ya mtihani. Kawawa aliingia katika vyama vya wafanyakazi, akawa katibu mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika lililoundwa mwaka 1955, na Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu mwezi Januari 1962 ili aende kukijenga chama, Kawawa ndiye aliyeshika nafasi hiyo. Naye Oscar Kambona, mtoto wa padri wa Kianglikana kutoka ukanda wa Ziwa Nyasa, alisoma Tabora wakati Nyerere akifundisha St. Mary's, na inaelezwa kwamba hapo ndipo walipofahamiana kwanza.

Halafu yupo Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, ambaye kwake Tabora ilikuwa nyumbani hasa. Alisoma Tabora, akasomea kilimo Makerere, akafanya kazi ya kilimo serikalini kabla ya kushika uchifu mwaka 1957, kisha akaingia katika baraza la mawaziri la mwanzo la Tanganyika. Huyu ndiye mtu hasa ambaye shule ilijengwa kumtengeneza: mtoto wa ukoo wa watawala, msomi, mwenye heshima kwa watu wake. Hata hivyo mambo hayakwenda kama yalivyopangwa. Mwaka 1963 serikali huru iliufuta uchifu kwa sheria, na mwaka huo huo Fundikira alijiuzulu kwa kupinga mwelekeo wa nchi kuwa ya chama kimoja. Alipata nafasi ya kuanzisha chama chake baadaye, vyama vingi viliporudishwa katika miaka ya 1990.

Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu kila mwaka, na sikujali kama muhtasari ulinihimiza kusonga mbele. Orodha ya mahafali huwaweka Nyerere, Kawawa, Kambona na Fundikira pamoja, kana kwamba walikuwa na wazo moja. Ukweli ni kwamba waligawanyika juu ya mambo makubwa kabisa ya nchi. Kambona, aliyekwenda kuzungumza na askari walioasi mwezi Januari 1964 wakati hali ilikuwa ya hatari, alijiuzulu mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, akaenda London na kukaa uhamishoni hadi mwaka 1992. Kawawa alibaki bega kwa bega na Nyerere hadi mwisho. Fundikira alitofautiana mapema. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika, kila mmoja kwa upande atakaopangiwa, barua ya hoja kama mwanafunzi wa zamani wa Tabora anayemwandikia mwenzake wa zamani juu ya chama kimoja, na niliwakataza matusi na sifa tupu. Barua zile zilinifundisha mengi. Kijana aliyepangiwa upande asioupenda alilazimika kuutafutia ushahidi, na wengi waliniambia kwamba ni mara ya kwanza kugundua kuwa watu wawili wanaoipenda nchi yao wanaweza kutofautiana hadi wakaachana. Kwa maoni yangu shule inayowaficha wanafunzi wake tofauti za wahitimu wake inawanyima sehemu bora ya urithi wao.

Mji wenyewe ulinisaidia. Ni Tabora, mwezi Januari 1958, ambako TANU ilifanya mkutano wake mkuu uliozaa Uamuzi wa Busara. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka masharti kwamba kila mpiga kura ampigie Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kwamba haki ya kupiga kura iwe ya wenye kiwango fulani cha elimu, kipato au wadhifa. Wanachama wengi walitaka kususia uchaguzi wa namna hiyo, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere alisimama katika mji aliosomea na kufundishia akawashawishi wakubali kushiriki, kwa hoja kwamba kususia kungewaachia wengine viti. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama kingine. Uchaguzi ulipofanyika kwa awamu mbili, mwezi Septemba 1958 na mwezi Februari 1959, TANU ilishinda. Nilipowauliza wanafunzi ni nani kati ya babu zao angekuwa na elimu ya kumruhusu kupiga kura mwaka ule, mikono michache mno iliinuka, na hapo ndipo walipoona uhusiano wa darasa na kura: aliyefungiwa nje ya shule alikuwa karibu amefungiwa nje ya sanduku la kura pia.

Lakini funzo lililonigusa zaidi sikulipata katika maisha ya viongozi. Mzee mmoja aliyesoma Tabora katika miaka ya 1950 aliwahi kuja shuleni kumtembelea mjukuu wake, na baada ya shikamoo na maulizo ya nyumbani nilimwomba aingie darasani azungumze na vijana. Walitegemea kusikia habari za waziri aliyelala naye bweni moja. Mzee akawaeleza kwamba alikuwa bwana shamba maisha yake yote, kwa baiskeli kwanza, kisha kwa pikipiki, katika vijiji vya wakulima wa pamba na tumbaku. Alieleza jinsi Kiingereza kilivyotawala darasani na Kiswahili kikatawala bwenini, jinsi alivyojifunza kula chakula asichokizoea na kuvumilia utani wa makabila, na jinsi alivyopata rafiki Mhaya, rafiki Mmakonde na rafiki Mchaga kabla hajafikisha umri wa kuoa. Alipopelekwa kufanya kazi mbali na kwao, alisema, hakujiona mgeni, kwa sababu alikuwa amekwisha kuishi na watu wa huko.

Nilikuwa nimefundisha ujenzi wa taifa kwa miaka mingi kwa kutumia sera na hotuba. Mzee huyu aliniletea maelezo yaliyo wazi kuliko yangu. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, asilimia 85 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, na kwamba nchi ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi wawili tu. Katika hali hiyo kila kijana aliyemaliza sekondari alikuwa nguzo ya mahali fulani: karani wa reli Kaliua, mwalimu Newala, hakimu wa mahakama ya mwanzo Ngara. Hawa hawamo katika orodha yoyote ya watu mashuhuri. Serikali mpya ilisimama juu ya mabega yao, na kwa sababu walikuwa wameishi pamoja Tabora, Minaki, Pugu au Malangali, waliendesha ofisi za nchi iliyokuwa haijajuana bado kana kwamba ilikuwa imejuana zamani.

Baada ya uhuru jambo ambalo wakoloni walilifanya kwa bahati likafanywa kwa makusudi. Wanafunzi walipangiwa shule za bweni mbali na mikoa yao, Elimu ya Kujitegemea ikatangazwa mwaka 1967, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazifanya shule nyingi za mashirika ya dini kuwa za serikali, hata St. Mary's ya Tabora. Ng'ambo ya pili ya mji, Shule ya Wasichana Tabora iliongozwa katika miaka ya 1960 na Barbro Johansson, mzaliwa wa Sweden aliyekuwa amechaguliwa mbunge tangu wakati wa ukoloni na aliyechukua uraia wa nchi hii. Ninamtaja kwa makusudi, kwa sababu historia ya elimu ya Tabora ikisimuliwa kwa wavulana peke yao inabaki nusu. Wahitimu wa baadaye wameendelea kushika nafasi kubwa, akiwamo Samuel Sitta, mtoto wa Urambo, aliyekuwa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 2005 hadi 2010 na kuliongoza Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014.

Leo shule zote mbili za Tabora zimo katika kundi la shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato, na wanaochaguliwa ni wale wenye alama za juu. Mtoto wa mvuvi wa Kilwa anaingia. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne imeondolewa tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Nayashukuru mabadiliko hayo kwa moyo wote, kwa sababu nimeona kwa macho yangu vijana ambao bila hayo wangerudi nyumbani. Pamoja na hayo niliwaomba wanafunzi wangu waendelee na lile swali letu la shule ni kwa ajili ya nani, kwa wakati wao wenyewe: ni nani leo hawezi kupata alama hizo kwa sababu shule yake ya msingi ilikuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa matatu, na ni nani anayezipata kwa sababu wazazi wake walimlipia masomo ya ziada tangu darasa la kwanza? Majibu yao yalitofautiana, na wengine walinikasirikia kidogo, kwani walijiona wanaambiwa kwamba hawakustahili. Nilijitahidi kuwaeleza kwamba kustahili kwa mtu mmoja hakufuti kuzuiliwa kwa mwingine.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini tulianza kazi ndogo ambayo ningependa shule nyingine za serikali ziifanye. Kila mwanafunzi anayetoka likizo alitakiwa amtafute mtu mmoja katika mkoa wake aliyesoma shule yetu zamani, mwenye cheo au asiye na cheo, na aandike majibu ya maswali machache: ulifikaje shuleni na kwa usafiri gani, nani alilipa, uliacha nani nyumbani ambaye naye alitaka kusoma, bwenini ulilala na watu wa wapi, ulipomaliza ulipelekwa wapi kikazi, na nini ulichojifunza hapa ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Swali la tatu ndilo lililotoa majibu marefu kuliko yote, hasa habari za dada waliobaki nyumbani kulima ili kaka apate nauli. Waliosoma Tabora kabla ya uhuru sasa ni wazee wa zaidi ya miaka 80, na wengi wametutoka. Walimu wa historia wanaofundisha katika shule kongwe wanapaswa kuifanya kazi hii mwaka huu huu, kwa daftari na kalamu kama hakuna kinasa sauti, na waanze na wazee walio jirani na shule yenyewe.